Angelina na Kuni za Msiba

Ukifika Rhotia, juu kidogo ya lami inayopanda kwenda geti la Ngorongoro, usiulize nyumba ya Lazaro Tluway. Watakuuliza, "Lazaro yupi?" Uliza kwa Mzee Gogo, na hata mtoto wa chekechea atakuonyesha kwa kidole. Na mkewe Angelina usimwite kwa jina la ubatizo. Sema Mama Bibi-Harusi, uone watu wanavyotabasamu. Kisa hiki ni cha huyo mama. Mumewe anapita ndani yake na gogo begani, kama alivyopita katika maisha yake yote, Mungu amrehemu.

Hilo gogo halina budi kuelezwa, maana asiyelijua hataelewa chochote. Kwenye kitongoji chao mtu akifa, kila nyumba inatoa kuni. Unga unaweza kusamehewa, sukari hali kadhalika, lakini kuni, thubutu! Asubuhi utaona watu wanashuka kwenye vijia na vipande begani, kimya, wanavitua kwenye rundo karibu na jiko la nje, ndipo wanaingia ndani kutoa pole. Na katika rundo hilo lazima pawe na gogo moja kubwa, la kulala motoni tangu siku ya kwanza mpaka watu watawanyike. Anayelileta hilo ndiye mtu wa karibu, hata kama hakuzaliwa tumbo moja na marehemu. Mwenye ugomvi na wafiwa halileti, kwa sababu wakilikataa litabaki getini, kila anayepita analiona, na aibu hiyo haiishi leo wala kesho.

Lazaro alikuwa mtu wa gogo. Alipokuwa kijana kule Mbulu walimzika mama yake mwaka wa njaa, watu wakaja mikono mitupu, wakapikia mabua ya mahindi, na moto ukazimika kabla uji haujachemka. Hakulisahau hilo. Alipohamia Rhotia na kupata kishamba chake na punda wake wawili, akajiwekea nadhiri kwamba hakuna mtu atakayezikwa na moto wa mabua yeye akiwa hai. Awe mwenyekiti wa kijiji, awe mlevi wa senta asiye na ndugu, gogo la Lazaro lilifika msibani kabla ya padri. Watu walimpenda kwa hilo, na yeye alipenda kupendwa, kwani nani hapendi?

Angelina yeye ni mtoto wa Mang'ola, huko chini karibu na Ziwa Eyasi, kwenye joto na vitunguu na malori. Huko mvua ikinyesha vizuri, migunga inajaa dundu, wadudu wakubwa wa kijani, kijani cha kung'aa chenye dhahabu ndani yake, kiasi kwamba ukimshika mmoja unajiona maskini. Watoto wanamwita bibi-harusi. Wanamfunga uzi mguuni wanamrusha, anazunguka akivuma. Msimu ukiisha wanakufa wenyewe, wanalala chini ya miti, lakini gamba la mgongoni halichuji rangi hata ukilikalisha miaka.

Bibi yake Angelina alikuwa akishona shanga kwenye sketi za ngozi, zile walizovaa wasichana wa Kiiraqw enzi hizo. Sketi zilikwisha, mkono haukwisha. Angelina alijifunza kutoboa magamba ya bibi-harusi kwa sindano ya moto na kuyashona kwenye pindo za mitandio na kwenye hereni, na duka moja la vinyago Karatu mjini likawa linamuuzia kwa wageni wanaoshuka kutoka kreta ya Ngorongoro. Hakuwahi kumuua hata mmoja. Aliokota waliokufa, akawaweka kwenye makopo ya maziwa, akayapanga juu ya kabati.

"Mke wangu anawavisha wazungu mende," Lazaro alikuwa akisema mbele ya wageni.

"Mende ni wale wanaolala ndani ya koti lako, Baba Inosenti," naye anamjibu, na wote wanacheka. Inosenti ndiye mtoto wao wa kwanza, yuko Arusha, fundi wa magari. Waliishi vizuri hao watu. Si kwamba hawakugombana, ila ugomvi wao haukulala.

Sasa, mwaka mmoja lori lililojaa magogo ya mikalitusi, likitokea huko mbali, likavunja springi kwenye kona ya Rhotia. Dereva akapunguza mzigo, akawaambia watu chukueni. Mnajua watu na kitu cha bure! Lazaro alifika na mkokoteni wake wa punda akachagua gogo kubwa kuliko yote, gome lake bado bichi. Hakulipasua wala kulimenya, kwa sababu gogo lenye gome linaungua polepole, na gogo la msiba halitakiwi kuwa na haraka. Alilitunza nyuma ya zizi akingoja atakayefuata kufa. Hivyo ndivyo alivyosema, bila ubaya wowote.

Aliyefuata alikuwa mama yake Wilibrodi. Wilibrodi ni jirani wa ng'ambo ya korongo, waliyepata naye kipaimara siku moja Lazaro alipohamia, waliyelimiana naye mashamba, waliyeazimana naye punda na nyundo na watoto wa kuchunga. Lazaro alilipeleka lile gogo mwenyewe, akitembea mbele ya punda, kofia mkononi. Wilibrodi alipoliona akalia kwa mara ya kwanza tangu mama afariki. Likawaka siku zote za msiba, na likabaki zaidi ya nusu.

Kuni nyingine zikibaki zinapikia ugali, lakini gogo la msiba halipikii ugali wa kila siku. Linasubiri misa ya kumbukumbu, mwaka ukitimia. Kwa hiyo Wilibrodi akaliegemeza kwenye mstari wa mikalitusi aliyoipanda baba yake upande wa juu wa boma. Miti hiyo ndiyo iliyokuwa ukuta wake. Upepo unaoteremka kutoka nyanda za kreta, ule wa kukata masikio, ulikuwa unavunjikia hapo, na nyuma yake nyumba na kahawa zikawa zimetulia.

Mwaka huo mvua zilikuwa za kudokoa tu huku juu. Angelina akarudi kutoka kwa dada yake Mang'ola, ambako zilikuwa zimenyesha afadhali kidogo, na safari hii akabeba bibi-harusi wachache walio hai kwa ajili ya wajukuu. Watoto ni watoto. Kifuniko kikafunguliwa uwanjani, dundu wakaruka wote, wakang'aa juani, wakavuka korongo kuelekea kwa Wilibrodi. Watu waliokuwa wakipita njiani walisimama kutazama. Walicheka siku hiyo, wakasema maharusi wametoroka.

Kiangazi kilichofuata mikalitusi ya Wilibrodi ikaanza kutoa utomvu mwekundu, ikatiririka kwenye magome kama jasho. Kisha majani ya juu yakakauka, yakafuata ya chini. Mti mmoja, mwingine, mwingine. Upepo ukapata mlango, na bati la jikoni likang'oka. Na siku moja Wilibrodi akaja kwa Lazaro, hakukaa kwenye kiti alichopewa, akafungua kiganja. Ndani yake alikuwamo dundu wa kijani.

"Shemeji," alimwambia Angelina, "huyu si wako?"

"Wa kwangu kwa vipi? Mimi nimemzaa?"

"Nimemtoa kwenye mti wangu unaokufa. Watu wote waliwaona walivyovuka. Uliwaleta wewe kutoka Mang'ola, nao wanaitafuna miti ya baba yangu."

Angelina akamgeukia mumewe. Alingoja aseme neno. Lazaro akatazama chini, akajikuna kisogo, na mwishowe akasema, "Mama Inosenti, hebu vichome tu hivyo vitu vyako. Kwa ajili ya ujirani."

"Hivi ni vya dundu waliokufa! Ni magamba! Gamba linatoboaje mti?"

"Choma, mama. Tuishi na watu."

Akachoma. Makopo yote ya miaka yote, na pamoja nayo mtandio aliokuwa anaushona kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake Blandina, ambao ulikuwa umebakiza upande mmoja tu kukamilika. Wilibrodi alisimama mpaka mwisho akihakikisha. Magamba hayakuungua haraka, yalijikunja na kupasuka na kutoa harufu ya nywele, na Angelina alikaa kwenye kigoda akiyachochea kwa kijiti bila kufuta machozi. Kilichomuuma hakikuwa moto. Ni kwamba mtu aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana alimwamini jirani kabla ya kumwamini yeye. Tangu siku hiyo aliongea na mumewe ya lazima tu: chakula tayari, punda amekata kamba.

Na miti ikaendelea kufa. Bibi-harusi wamekwisha, makopo yamekwisha, na miti inakufa vilevile! Ungedhani hapo watu wangejiuliza. Wapi! Walisema wadudu wa Angelina walishataga.

Mwishowe Wilibrodi akaenda wilayani kuomba dawa ya kupulizia, naye akaletewa Doreen, afisa misitu, binti aliyevaa buti kubwa kuliko miguu yake. Watu walijaa kumtazama. Doreen aliwaamkia wazee shikamoo, akaomba shoka, akabandua gome la mti mmoja kama unavyobandua ganda la muhogo. Chini ya gome kulikuwa na njia, zimejipinda na kukatana, zimeshindiliwa unga wa mbao, na mwisho wa njia moja alilala funza mweupe mnene. Watu wakaguna. Akapekua nyufa za gome jingine akatoa dundu aliyekufa, wa kahawia, mwembamba, mwenye vipapasio virefu kuliko mwili wake. Hana uzuri wowote. Ukimwona ukutani humtazami mara mbili.

"Mwizi wenu ndiye huyu," Doreen alisema. "Mchana anajificha, giza likiingia ndiyo anatoka. Si wa hapa. Mkalitusi wenyewe ni mgeni, umetoka nchi ya mbali, na huyu ni mdudu wa huko kwao. Amefuata jamaa zake. Mti ukiwa na kiu, kama hii yenu mwaka huu, hauwezi kumzuia."

"Na wa kijani?" aliuliza Wilibrodi.

"Wa kijani ni mwenyeji. Tangu zamani yuko kwenye migunga yetu, na hajaimaliza. Ukimkuta kwenye mti unaokufa, amekuja msibani tu, yeye siye muuaji." Akawaangalia watu. "Huyu wa kahawia anataka mikalitusi. Lakini wapo wengine huko duniani, na wanasafiri hivi hivi, ndani ya kuni, chini ya gome. Siku akija anayependa miti ya msitu wa kreta, tutakunywa maji ya wapi? Nyie mnajua vijito vyenu vinatoka wapi."

Halafu akaliona lile gogo lililoegemezwa mitini. Akalizunguka, akachuchumaa, akaingiza ncha ya kalamu kwenye tundu moja, kwenye la pili. Lilikuwa na matundu mengi, yameshaachwa wazi na waliokwisha kutoka.

"Walitokea humu. Gogo hili limeletwa na nani?"

Kila mtu alijua. Lazaro alivua kofia. "La kwangu," alisema.

Wilibrodi alimgeukia rafiki yake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo ilikuwa mbaya kuliko kufoka, "Ulikuja kumzika mama yangu, Lazaro, ukanizikia na miti."

Akaingia ndani akafunga mlango. Tangu hapo hawakusalimiana, wala njiani, wala kanisani penye kupeana mkono wa amani. Wilibrodi alikuwa akigeukia upande wa pili.

Na Angelina? Msidhani ni malaika. Walipofika nyumbani alivua kanga kichwani akasema yote aliyokuwa ameyahifadhi. "Kikulacho ki nguoni mwako, Baba Inosenti! Wewe ukaenda kukitafuta kwenye makopo yangu. Ulinichomesha kazi ya mkono wangu mwenyewe. Ukamfurahisha jirani, na mimi ukaniacha nimesimama peke yangu." Lazaro alitoka akaenda kukaa na punda.

Mkutano wa kitongoji ukaitwa. Doreen alieleza kwamba mti mgonjwa ukikatwa mapema ukabambuliwa gome lote, na gome likachomwa palepale, kuni zake hazina madhara. Vipande vyenye matundu vichomwe visiende popote. Watu wakacheka. Nani ana muda wa kumenya kuni kama viazi? Bartolomeo, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, mtu mcheshi mwenye tumbo la mbele, akauliza kama sasa watazikana kwa mtungi wa gesi. Wakacheka tena. Lakini miti ya watu wengine wawili ilikuwa imeanza kulia utomvu, kwa hiyo wakakubaliana neno moja fupi: kuni zisitoke nyumba hii kwenda nyumba ile, msiba au si msiba.

Hapo ndipo Lazaro alipozeeka. Msiba wa kwanza uliofuata alikwenda mikono mitupu, akasimama nyuma kabisa, hajui aiweke wapi mikono. Kijana mmoja mjinga akanong'ona, "Mzee Gogo leo kaja bila funza." Baada ya hapo hakwenda msibani tena. Angelina alikwenda peke yake, akasema mume anaumwa magoti.

"Usipozika wenzio, nani atakuzika?" alimwambia.

"Nilishawazika vya kutosha," Lazaro alijibu. "Kuliko wanavyotaka."

Hasira ya Angelina ilianza kumong'onyoka hapo, polepole, kwa kuwa huwezi kumkasirikia sana mtu aliyekwisha kujichukia mwenyewe. Mvua ziliporudi, siku moja asubuhi Lazaro alivaa koti la Jumapili akasema, "Twende Mang'ola." Walipanda gari la vitunguu lililokuwa linarudi tupu. Huko, mzee yule mwenye magoti mabovu kweli, si ya kusingizia, aliinama chini ya migunga akaokota bibi-harusi waliokufa, mmoja mmoja, akiwapuliza vumbi na kuwaweka ndani ya kofia yake. Miiba ilimchana mikono. Angelina alimtazama.

"Nilikuonea, mama," alisema bila kuinua uso.

"Ulinionea sana."

"Sana," alikubali.

Basi, yakaisha. Walirudi na kofia imejaa, Lazaro kichwa wazi, jua limempiga mpaka utosi umebabuka, na Angelina akamsema njia nzima kwa kuacha kichwa juani. Usiku huo aliusugua ule utosi kwa mafuta ya nazi, na asubuhi akaanza mtandio mwingine.

Mzee alikufa kabla mtandio haujafika nusu. Ilikuwa mchana, baada ya chakula, ameketi kwenye benchi la nje anavua viatu. Angelina alimkuta kimoja mguuni, kimoja mkononi, amejiegemeza ukutani kama mtu anayekumbuka kitu. Moyo, alisema daktari. Angelina alimvua kile kiatu cha pili mwenyewe kabla hajaita watu.

Jioni Bartolomeo alikuja, safari hii bila utani. Alikaa, akatoa pole, akakohoa.

"Mama Inosenti, kuna jambo. Mzee huyu aliwasha moto wa kila nyumba hapa. Hatuwezi kumzika kwa gesi. Miti iliyokauka kwa Wilibrodi na kwa wengine ipo, imeangushwa, kila mtu anaweza kuleta kipande. Tuwaruhusu mara hii moja? Wewe sema tu ndiyo, mimi nitatangaza."

Alikuwa anampa heshima, na Angelina aliijua. Akautazama uwanja wake. Akamwaza Lazaro amelala ndani, na watu wakishuka vijia vyote na kuni begani kwa ajili yake, kama ambavyo angetaka kuliko kitu kingine chochote duniani. Neno lilikuwa moja tu. Na ng'ambo, kwenye maboma ambayo miti yake ilikuwa bado mizima, kulikuwa na watoto na kahawa na mabati.

"Hapana," alisema. "Yeye aliwabeba wale wadudu bila kujua. Mimi nitawabeba nikijua? Asije mtu na kuni, Bartolomeo. Waambie waje wenyewe."

"Wakija mikono mitupu wataona haya. Wengine hawatakuja."

"Najua," alisema Angelina.

Kesho yake majirani hawakuja. Alikuja dada yake kutoka Mang'ola, akaja Blandina na mumewe, na Inosenti alifika kutoka Arusha na mtungi wa gesi kwenye buti la gari. Mtungi wa gesi na sufuria la msiba wapi na wapi! Maji yaligoma kuchemka. Wanawake watatu wa jumuiya walikuwa wanamenya viazi bila kuongea. Angelina alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akihesabu bila kutaka nyumba ambazo Lazaro alizipelekea gogo, na ukiwatoa hao wanawake watatu, hakuna hata moja iliyokuwa imefika. Ng'ambo ya korongo, kwa Wilibrodi, moshi mzito ulikuwa unapanda tangu asubuhi, na sauti za watu wengi, na mapanga yanagonga.

"Wana sherehe gani hao?" dada yake aliuliza.

"Waache," Angelina alisema. "Kila mtu na siku yake." Lakini moyo ulimchoma, tena sana. Alijiambia kwamba mumewe alikuwa na kosa, ndiyo, ila hakustahili kucheziwa ngoma siku aliyolala ndani ya jeneza. Alitaka kulia akashindwa. Tangu kifo hakuwa amelia.

Jua lilipoanza kuinama ndipo walipowaona. Walipanda kutoka korongoni kwa mstari mmoja, wanaume na wanawake, kitongoji kizima, kila mmoja na kipande begani. Inosenti alisimama kuwazuia. Alijua mama yake alivyosema. Kisha akashusha mkono. Kuni zilikuwa nyeupe. Zilikuwa zimemenywa zote, hakuna gome hata la ukubwa wa kucha, na zilionyesha njia za wale funza, zimekwanguliwa na kusafishwa. Watu walikuwa weusi kwa masizi na mikono imevimba malengelenge. Bartolomeo alikuwa amefunga kidole kitambaa chenye damu.

Nyuma yao ulikuja mkokoteni, na juu yake gogo moja kubwa, jeupe. Wilibrodi alitembea mbele ya punda, kofia mkononi. Alipofika getini akasimama. Hakuvuka. Watu wote waliokuwa wameingia walijua kwa nini hakuvuka.

Angelina aliinuka kwenye mkeka akaenda mpaka pale.

"Shemeji," Wilibrodi alisema. "Siku ile nilisimama kwako mpaka ukamaliza kuchoma vitu vyako, navyo havikuwa na kosa. Leo tumechoma magome tangu alfajiri, uwanjani kwangu, mpaka la mwisho. Nimekagua kila kipande mwenyewe. Hakuna mdudu. Hili gogo ni la mti wa kwanza aliopanda baba. Nilikuwa nimeliweka kwa ajili yangu. Sikumpa mkono. Kila Jumapili alikuwa ananyoosha, na mimi nikageuka. Ukilikataa, nitaliacha hapa hapa getini, watu walione."

Angelina alilitazama lile gogo, akaweka kiganja juu yake. Lilikuwa laini, bado lina ubaridi wa mti. Ndipo machozi yalipokuja, yote kwa pamoja, akalia kwa sauti getini bila kujificha, na Wilibrodi naye akalia, na punda akatikisa masikio.

Alipomaliza alijifuta kwa upande wa kanga, akajifunga kiuno, akashika ncha moja ya gogo.

"Angelina!" wanawake walipiga kelele kutoka jikoni. "Mfiwa habebi kuni!"

"Shika huko, Wilibrodi," alisema. "Anatungoja."